Marehemu Yusta Alikaangia Mafuta ya Alizeti

Marehemu Yusta Fanueli Shechambo, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Alen, alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika kijiji cha Mtae, wilaya ya Lushoto. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Fanueli Shechambo na mama yetu Lea, ambao wote wametutangulia. Mimi ninayesoma ni Roda, Mama Naomi, niliyemfuata kuzaliwa. Wawili waliokuja baada yangu hawakufika umri wa kwenda shule.

Kabla sijaendelea niseme jambo. Kamati ya mazishi ilikuwa imeandika wasifu wa nusu ukurasa. Ulisema marehemu alikuwa "mjasiriamali mchapakazi, mpenda watu", na kwamba "aliugua kwa muda mfupi". Nilipousoma nilisikia kinyaa. Mjasiriamali ni neno la semina. Dada yangu alikuwa mkaangaji, na aliugua miaka mitatu na nusu. Muda mfupi ni wa nani, wa hao waliokuja kumwona mara mbili? Tena walifuta sentensi moja ambayo marehemu mwenyewe aliniagiza iwemo, kwamba kila alichowauzia watu wa Soni kwa miaka minane kilikaangwa kwa mafuta ya alizeti, wala hakikuwahi kugusa mafuta ya nguruwe. Wakaniambia eti msibani hatufufui mambo. Basi jana asubuhi nimekwenda mwenyewe stesheneri Lushoto mjini, nikachapisha huu mlioushika. Ule wa kamati nimewashia jiko.

Utotoni mimi nilikuwa mtoto wa kinyaa, na sijabadilika. Mlenda ulikuwa haunipiti kooni. Utando wa maziwa, kiini cha yai, mchuzi wenye unyoya, vyote vilinigeuza tumbo. Mama hakuwa mtu wa kubembeleza, aliyebakiza chakula alichapwa na kesho yake akapakuliwa kilekile. Yusta alikuwa akikaa karibu yangu upande wa moshi. Mama akigeuka kuchochea kuni, bakuli langu linakwenda kwake na lake tupu linakuja kwangu. Alikula mlenda wa watu wawili kwa miaka. Siku mama alipotukamata, Yusta alisema yeye ndiye aliyetamani chakula cha mwenzake, akachapwa. Nilikuwa na miaka sita na nilinyamaza nikimtazama.

Alisoma shule ya msingi hapo Mtae kuanzia mwaka 1970 hadi 1976. Hesabu zilimkubali, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba wazee walimpa barua zao awaandikie. Mwaka ule darasani kwao walichaguliwa wavulana wawili tu kwenda sekondari, na barabara ya kutoka Mtae wakati wa mvua haikuwa na huruma kwa aliyetaka kujaribu pengine. Alibarikiwa kipaimara mwaka 1977. Baada ya hapo alibaki nyumbani akilima na kubeba kabichi kichwani hadi lori lilipoishia.

Tarehe 25 Juni 1983 alifunga ndoa takatifu na Mika Kaniki, mwenyeji wa Soni, dereva wa malori ya mbogamboga. Walijaliwa watoto wawili, Alen na Glory. Shemeji Mika alikuwa mtu mpole, mwenye kupiga mluzi, naye alifariki mwaka 2006 kwa ugonjwa wa moyo. Mimi niliolewa miaka minne baada ya dada, tena kwa jirani wa shemeji, ndiyo maana nyumba zetu zinatenganishwa na ua wa michongoma tu. Nataka muukumbuke huo ua. Dirisha langu la chumbani linatazama jiko lake.

Mwaka 2009 kampuni moja ya Wachina ilipiga kambi nje kidogo ya Mombo ikitengeneza barabara. Yusta alipata kazi ya kuosha vyombo na kumenya mboga jikoni kwao. Mpishi alikuwa mzee mmoja aitwaye Bwana Liu, mwenye pengo mbele, na mwanzoni Kiswahili chake kilikuwa maneno matatu: bado, sawa, moto. Kila asubuhi huyo mzee alikuwa akiwakaangia wenzake andazi refu la kwao, na Yusta akaanza kumtazama mikono badala ya kutazama sufuria zake. Siku moja mzee akamsukumia donge la unga. Akamwambia, "Wewe."

Alimfundisha miaka miwili. Unga wa ngano, chumvi, kipande cha shabu kilichosagwa, ile ambayo vinyozi husugulia ndevu, na unga mweupe wa amonia ambao ukifungua mfuko machozi yanatoka. Unakandwa, unapumzishwa usiku kucha. Kujua kama umekuwa tayari, Bwana Liu alishika ncha ya sikio lake, kisha akashika unga. Ukilingana ulaini na sikio, sawa. Usipolingana, bado. Yusta akachukua tabia hiyo mpaka kaburini. Mliokuwa mnamwona kanisani Jumapili na sikio la kulia jeupe, hakuwa na ugonjwa wa ngozi. Alikuwa ametoka kupima unga.

Kambi ilipofungwa mwaka 2011, Bwana Liu alimpa vijiti vyake virefu vya mwanzi vya kugeuzia na mfuko uliobaki wa amonia. Yusta akaanza kukaanga alfajiri jikoni kwake, kisha kubeba karai hadi mezani pale Soni, karibu na yanaposimama malori. Aliukata unga vipande vyembamba, upana wa vidole viwili, akalaza kimoja juu ya kingine, akabana katikati kwa kijiti, akavuta ncha huku na huku na kutumbukiza kwenye mafuta. Viwili vile vinavimba pamoja, haviachani. Bwana Liu alikuwa amemwambia kwamba hao ni mume na mke. Ndiyo maana pale Soni mkaviita bwana na bibi, na mtu mzima na akili zake alikuwa anasimama asubuhi na kusema, "Mama Alen, nipe bwana na bibi watatu na chai."

Sasa mimi nitasema ukweli, maana leo ni siku yake. Sikuwahi kumaliza hata mmoja. Ukiuvunja, ndani una matundu matupu kama pafu la mbuzi. Mafuta yanakushuka hadi kwenye kiwiko. Unatafuna hewa na chumvi, na vidole vinanata mpaka mchana. Hayo ningevumilia. Kilichonishinda ni ile amonia. Ukishakaangwa, andazi lenyewe halinuki, na wateja wake wanajua hivyo. Lakini unga ukigusa mafuta ya moto, ile harufu yote inaruka juu, na ua wa michongoma hauzuii harufu. Kila siku saa kumi na moja alfajiri iliniingilia dirishani kali, ya mkojo mkavu, ikakaa kwenye shuka na kwenye nywele. Nilikuwa naamka nimeziba pua kwa kanga kabla sijakumbuka jina langu. Miaka minane.

Tuligombana. Nilimwambia ahamishe jiko, akasema atahamishia wapi, kiwanja ndicho hicho. Nilimwambia auze chapati kama wanawake wengine. Akacheka, akasema chapati zinauzwa na kila mwenye mikono. Kila Jumamosi aliniletea bwana na bibi wawili kwenye sahani, wamefunikwa kwa kitambaa, nami nikamshukuru na kuwamwagia kuku. Siku moja aliwakuta kuku wanagombania. Akaniuliza, "Angalau wao wamesifia?"

Watu walipenda, siwezi kuwakatalia vinywa vyao. Madereva walisimama. Nassoro mwenye mgahawa wa chai aliacha kabisa kukaanga maandazi yake akawa anachukua kwa Yusta. Lakini aliyempenda kuliko wote alikuwa Shamsa, Mama Husna, muuza karoti. Meza zao ziliangaliana. Watoto wa Shamsa walijifunzia kutafuna bwana na bibi, na kila mwezi wa Ramadhani Shamsa ndiye aliyekusanya oda za futari za mtaa mzima wa msikitini na kumletea Yusta mabakuli ya nyumba kumi na tano ayajaze. Yusta alisema hapakuwa na mwezi aliojisikia mtu kama huo.

Mwezi Aprili mwaka 2019, zikiwa zimebaki wiki tatu mfungo uanze, neno likapita Soni kwamba Mama Alen anakaangia mafuta ya nguruwe. Lilikuwa neno lenye miguu yote. Kajifunza kwa Wachina, na Wachina wanakula nguruwe. Mdogo wake anafuga nguruwe, banda liko nyuma ya ua. Na likapigwa mhuri kabisa: ndugu yake mwenyewe kasema. Nitafika hapo. Nawaomba msichoke.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali. Watu walipita tu mbele ya karai wakitazama upande wa pili, na wale waliozoea kumpa mkono wakawa na mizigo mikono yote miwili. Nassoro alirudia maandazi yake. Kwa wiki ya kwanza Yusta alidhani amekosea chumvi. Ilipofika Jumanne ya wiki ya pili alishuka mtoni kuchota maji, akamkuta Shamsa na majirani zake wawili wameinama wanasugua mabakuli kwa udongo. Yalikuwa mabakuli yaleyale ya futari. Wanasugua, wanasuuza, wanahesabu mpaka saba. Sisi tulioishi na Waislamu tangu tumezaliwa tunajua chombo kinasuguliwa hivyo kikiwa kimegusa nini. Hapo ndipo alipoelewa. Shamsa alimwona, akainamisha kichwa, akaendelea kuhesabu.

Yusta alichukua dumu la njano la alizeti ambalo halijafunguliwa, lenye kifuniko chake na karatasi yake, akalibeba mwenyewe hadi nyumbani kwa Shamsa. Mume wake Shamsa, Hamza, alimpokea nje kwa adabu zote. Akamwambia, "Shikamoo, Mama Alen. Dumu tunaliona. Lakini dumu la kutuonyesha na la kukaangia linaweza kuwa mbalimbali." Yusta akamuuliza nani kasema. Hamza akasita, kisha akamjibu kwamba ni mtu wa ndani kwake, naye asingependa kumtaja. Yusta alirudi na dumu lake kichwani. Mwisho wa mwezi huo alimwaga mafuta yaliyobaki kwenye karai, akalisugua, akaliegemeza ukutani. Mfungo ulipoanza hakuwa na bakuli hata moja la mtu.

Alianza kuugua Agosti 2021. Ilikuwa kisukari, kikaja na kidonda cha mguu wa kushoto kisichofunga. Alilazwa mara nne, na mwaka 2023 alikatwa vidole viwili. Kwa kuwa Alen yuko Dodoma na Glory ana watoto wadogo Tanga, mimi ndiye niliyekuwa namsafisha kidonda asubuhi na jioni. Kamati haikutaka niandike hilo pia. Kidonda kilinuka, jamani, na mimi mnanijua. Nilikuwa namsafisha nimejifunga kanga puani mara mbili, nageukia dirishani kupumua, narudi. Yusta alikuwa akiniambia, "Ziba tu, Roda, mimi siudhiki. Ningekuwa na pua yako ningekuwa nimeshahama." Kisha anacheka mpaka mguu unamuuma. Kidonda cha mtu anayecheka hivyo hakikunitia kinyaa sana kama nilivyotarajia.

Mwezi Desemba uliopita, nikiwa namfunga bandeji, aliniuliza kama najua hao bwana na bibi walikuwa akina nani. Nikasema ni mume na mke, kila mtu anajua. Akasema, "Bwana Liu alinimalizia hadithi wiki ya mwisho, alipokuwa ameshajua Kiswahili kidogo." Akanisimulia. Zamani za kale huko kwao kulikuwa na askari mkubwa, mtu mwema, aliyependwa na watu. Bwana mmoja mwenye cheo na mke wake wakakaa nyumbani kwao wakamtungia uongo, na kwa uongo huo askari yule akauawa. Watu hawakuwa na nguvu ya kumshtaki mwenye cheo. Ndipo muuza vyakula mmoja akachukua unga, akafinyanga yule mwenye cheo na mke wake, akawabana mgongo kwa mgongo na kuwatumbukiza kwenye mafuta yanayochemka. Watu wakapanga foleni kuwala. Mpaka leo wanawala kila asubuhi, na wengi wameshasahau wanamla nani.

Niliacha bandeji nusu. Nikamuuliza, "Na kwa nini unanisimulia mimi?" Akasema, "Ulikuwa hujui walichofanya. Nimeona nikwambie." Akanyoosha mguu nimalizie kufunga. Nilimaliza kufunga.

Tarehe 2 Februari aliniagiza ile sentensi. Alikuwa amekonda, sauti iko chini, lakini maneno aliyapanga mwenyewe. Alisema, "Siku ya kunizika, wakija akina Shamsa, uwaambie walikula alizeti. Wasikae na wasiwasi kwamba walimkosea Mungu wao mikononi mwangu. Basi, hilo tu. Usiongeze kitu." Nikamwambia nimesikia. Alifariki siku ya Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tatu asubuhi, nyumbani kwake Soni, akiwa na umri wa miaka 62, miezi kumi na siku 28. Nilikuwa nimemshika mkono, na sikuwa nimeziba pua.

Ninyi mliokaa upande wa kulia wa turubai, Bwana Hamza, Bwana Nassoro, wazee wa msikitini, na wewe Shamsa, sentensi mmeisikia. Mlikula alizeti. Ilikuwa inatoka dukani Mombo, madumu ya lita ishirini, na Alhamisi za kuletwa mimi mwenyewe nilikuwa namsaidia kuyashusha kwenye pikipiki. Hamkukosea kitu. Vinywa vya watoto wenu ni safi na mabakuli yenu yalikuwa safi kabla hamjayapeleka mtoni. Marehemu alitaka niishie hapo, na ningeishia hapo kama ningekuwa naweza kukaa chini nikala chakula cha msiba wake.

Ijumaa ya tarehe 12 Aprili 2019 nilikwenda kwenye meza ya Shamsa kununua karoti. Sikuwa nimelala vizuri. Shamsa akaniuliza za nyumbani, nikamjibu, na wapo hapa waliosikia: "Za nyumbani zipi, Mama Husna, na dada kila alfajiri ananikaangia dirishani? Nyumba inanuka kama banda la nguruwe." Mimi nafuga nguruwe, harufu naijua. Nilisema kama. Hicho ndicho nilichokikumbatia miaka yote hii. Neno lilipotoka sokoni lilikuwa limeshaangusha hiyo kama, na kila nilipoona haya nilijiambia, mimi sikusingizia mtu, mimi nilisema kama, walioiangusha njiani ni wao.

Lakini Jumapili yake, Jumapili ya Mitende, Shamsa alikuja kwangu. Nataka watu wajue hili: Shamsa hakuwa ameamini. Nilikuwa ndiyo nimerudi ibadani, tawi liko mkononi. Alipiga hodi, nikatoka, akakataa kiti. Akasema, "Mama Naomi, watu wanaongea, na mimi sitaki kusikia kwa watu. Wewe ni damu yake. Wanangu wamekula kwa yule mama tangu hawana meno. Niambie neno moja tu, anakaangia nini?"

Neno moja. Alizeti. Nilikuwa nalo mdomoni. Wakati huohuo Yusta alikuwa amepasha karai kwa ajili ya watu wa ibada ya pili, na ile harufu ikavuka ua ikanijia usoni. Kichefuchefu kikanipanda. Nikageuza uso, nikatema mate kwenye vumbi mbele ya miguu ya Shamsa, nikaingia ndani na kufunga mlango.

Msinisaidie kwa kusema nilizidiwa. Kutema nilizidiwa, ndiyo. Lakini nikiwa nyuma ya ule mlango nilijua kabisa Shamsa ameelewa nini, na nilimsikia amesimama pale nje, hajaondoka, ananisubiri. Mlango una komeo moja. Nilivua viatu vya kanisani nikavipanga chini ya kitanda, nikawaza, sasa atafunga. Na alipofunga, Jumatatu ya kwanza nililala mpaka saa moja, dirisha wazi, hewa safi, na niliona raha. Hiyo raha ndiyo inayonirudia sasa kooni kila ninapomeza, na sijui niiteme wapi.

Siku ile aliponiagiza sentensi, nilimuuliza Yusta amejua tangu lini. Nilidhani atasema Hamza aliteleza ulimi, au amesikia sokoni baadaye. Akasema, "Nilikuwa nimetoka kuanua shuka, nikawaona kupitia uani." Alikuwa ameona yote, Shamsa, tawi, mate na mlango. Miaka karibu sita aliniona asubuhi na jioni na hakuniuliza, na Jumamosi iliyofuata baada ya ile Jumapili ya Mitende aliniletea sahani yake imefunikwa kwa kitambaa kama kawaida, nikaipokea. Nikamuuliza kwa nini basi nisijitaje nitakaposoma. Akasema, "Mimi nakwenda, Roda. Wewe utabaki nao."

Ndiyo, nimebaki nanyi. Nimemwasi, na ni mara ya kwanza nimemwasi kwa faida yake. Shamsa, mimi sikuombi kitu leo. Ukipita kwangu na mizigo mikono yote miwili nitajua ni halali yangu.

Marehemu ameacha watoto wawili, Alen na Glory, mkwe mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na wajukuu watano. Ameacha pia mdogo wake mmoja, aliyeulizwa neno moja akatema mate.

Mungu amlaze Yusta kwa amani, mahali ambapo mate yangu hayamfikii.